Rojo, chenga au unga mkavu: pete za vitunguu za kula sasa hivi na za kusubiri

Mtu akiniuliza pete za vitunguu zipi ni bora, za kuchovya kwenye rojo, za kuviringisha kwenye chenga za mkate au zile nyembamba za unga mkavu, namrudishia swali: zitaliwa baada ya muda gani? Zikitoka tu kwenye karai, zote tatu ni kavu, zote zinalia mdomoni, na ubishi wa ipi tamu zaidi hauna mwisho. Tofauti huanza kuonekana dakika ya tano. Ikifika dakika ya ishirini, moja bado imesimama, nyingine imenywea, na ya tatu imeshakwisha kwa sababu ni nyembamba na mikono haitulii.

Chanzo ni maji. Kitunguu ni maji kwa karibu asilimia 89. Kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yale yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ndiyo mapovu unayoyaona karaini. Pete ikiwa nene, maji mengi yanabaki ndani hata ganda likishapata rangi ya dhahabu, na yanaendelea kutoa mvuke pete ikiwa sahanini. Mvuke huo ukikosa pa kupitia, unalowesha ganda kwa ndani. Kwa hiyo unapochagua unene, unga, mafuta na hata chombo cha kuchujia, unachagua mvuke upite wapi.

Kwa sisi wa Mwanza swali la muda si dogo. Yupo anayekaanga jikoni Nyegezi huku watoto wamesimama mlangoni. Yupo mwenye meza ya chipsi Igoma au Buhongwa, anayewasha moto saa kumi na moja jioni na kuuza hadi usiku. Yupo mwenye wageni Jumapili, sato wamekaangwa mapema, ugali utasongwa dakika ya mwisho, na pete zinatakiwa zikae mezani bila kulegea. Ukiwapa hawa watatu pishi moja, wawili watalalamika, na watakuwa na haki.

Kitunguu chenyewe

Vitunguu vinavyofika Mlango Mmoja, Kirumba na Soko Kuu vingi ni vyekundu, na ukiuliza vimetoka wapi utasikia Singida au Mang'ola. Mapishi mengi ya Marekani na Ulaya yanataka kitunguu kikubwa cha njano au cheupe chenye utamu. Usihangaike kukitafuta. Chekundu chetu kina ukali zaidi kikiwa kibichi, lakini joto la mafuta linautuliza, na ladha yake haipotei ndani ya ganda kama inavyopotea ya kile cheupe. Mimi nakipenda zaidi.

Chagua kikubwa, kigumu, maganda ya nje yamekauka kabisa na shingo imefunga. Chenye shingo mbichi kimevunwa au kuuzwa mapema, kina maji kupita kiasi. Kilichoanza kuota acha kabisa, maana katikati yake pamelegea na pete hazitoki nzima.

Shida ya kitunguu chekundu ni kwamba tabaka zake mara nyingi ni nyembamba. Dawa yake ni kuacha tabaka mbili pamoja katika pete moja badala ya kuzitenganisha zote. Kwa rojo kata unene wa sentimita 1. Kwa chenga punguza kidogo, milimita 7 hivi. Kwa unga mkavu milimita 3 zinatosha, na hapo ndipo kila tabaka hutenganishwa.

Kuna jambo wengi hulipita: ule utando mwembamba, karibu kama nailoni, ulio upande wa ndani wa kila tabaka. Uvute kwa kucha uutoe kwenye pete kubwa. Utando huo ndio unaomfanya mlaji aume mara moja na kuvuta kitunguu chote nje, ganda likabaki tupu mkononi. Pia unazuia unga kushika. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotofautisha pete za mtu aliyejali na za mtu aliyeharakisha.

Pete za rojo na za chenga ziloweke kwenye maji baridi dakika 15 au 20 kupunguza ukali, kisha zikaushe kwa kitambaa safi hadi zisiache alama ya maji. Usizitie chumvi zikiwa tupu. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, na utaanza kukaanga juu ya kitu kinachotoa jasho.

Rojo: nyepesi kuliko zote, na haivumilii kusubiri

Kwa vitunguu viwili vikubwa, changanya unga wa ngano gramu 120, unga wa muhogo au wa mchele gramu 60, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Tenga pembeni unga mkavu kidogo wa kupakia pete kabla ya kuzichovya. Bila huo, rojo linateleza. Maji yawe baridi sana, na ukipata yale ya gesi ni bora zaidi, kama mililita 240. Yamwage wakati mafuta yameshapata moto, si kabla. Koroga kwa uma kidogo tu, na usiogope vidonge vidogo vinavyobaki. Rojo likishika mgongo wa kijiko na kutiririka taratibu, limefika.

Baridi na haraka vina sababu. Ngano ina protini ambazo zikipata maji na kukorogwa sana hushikana zikawa gluteni, nyuzi zilezile zinazofanya mkate uvutike. Kwenye mkate tunazitaka. Kwenye pete zinatoa ganda la kutafuna badala ya ganda la kuvunjika. Maji baridi huchelewesha gluteni, na viputo vya gesi vinaacha matundu madogo yanayolifanya ganda kuwa jepesi. Wanaotumia bia wanafuata njia hiyohiyo, na Balimi ya baridi inafanya kazi hiyo vizuri: ina gesi tayari, na kilevi chake kinageuka mvuke kwa joto dogo kuliko maji. Asiyetumia bia hakosi kitu kikubwa.

Chovya pete kwa kijiti cha mshikaki, iache idondoke kidogo, kisha ishushe kwenye mafuta polepole kuelekea mbali nawe. Dakika mbili hadi tatu, ukigeuza mara moja. Usijaze karai. Pete nne au tano zinazoelea kwa nafasi zitakauka. Kumi zilizobanana zitashusha joto la mafuta na kuyanyonya.

Matokeo yake ni mazuri kuliko njia zote: ganda limevimba, linavunjika kama barafu nyembamba, na ndani kitunguu kimeiva hadi kimekuwa kitamu. Lakini kati ya ganda na kitunguu kunabaki nafasi, na nafasi hiyo imejaa mvuke. Kufikia dakika ya kumi ganda limeshalegea, na hakuna unachoweza kufanya mezani kulirudisha. Rojo ni la watu waliopo jikoni. Ukiwa na familia ndogo na mnakula kadiri zinavyotoka karaini, usitafute kingine.

Njia ipo ya kulisogeza mbele kidogo, nayo ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mafuta ya wastani, nyuzi joto 160 hivi, dakika moja na nusu, zitoke zikiwa zimepauka. Ziache zitoe mvuke kwenye wavu. Walaji wakishakaa, zirudishe kwenye mafuta makali, nyuzi 190, kwa chini ya dakika moja. Hili ndilo ningemwambia mwenye meza ya chipsi anayetaka rojo kwa lazima: kaanga awamu ya kwanza mapema, awamu ya pili mteja akiagiza.

Chenga za mkate: kazi zaidi, ganda la kudumu

Hapa unahitaji vyombo vitatu. Cha kwanza kina unga wa ngano uliotiwa chumvi na pilipili manga, gramu 100. Cha pili mayai mawili yaliyopigwa na vijiko viwili vya maziwa. Cha tatu chenga za mkate, gramu 150 hadi 200. Pete inapita kwenye unga, inaingia kwenye yai, inatua kwenye chenga na kubanwa kidogo kwa kiganja. Tumia mkono mmoja kwa vikavu na mwingine kwa yai, vinginevyo vidole vyako ndivyo vitakavyovaa chenga.

Chenga usinunue. Mkate wa boflo uliobaki, hata wa juzi, ukate slesi, uanike juani au uukaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, kisha usugue kwenye kikwaruzo au utwange. Usisage hadi iwe unga laini. Kuwe na punje kubwa na ndogo. Punje kubwa ndizo zinazosimama nje na kukauka kama miiba midogo. Mkate mtamu, wenye sukari nyingi, uache. Chenga zake zinaungua kabla kitunguu hakijaiva. Suji nayo inafaa badala ya chenga: ganda lake ni jembamba zaidi na linakwaruza kidogo mdomoni, ladha ambayo wapenda samaki wa kupaka suji wanaifahamu.

Baada ya kupaka, zipange kwenye sinia na uziache dakika 15 hadi 20, kwenye friji kama ipo. Yai linashika, unga unanyonya unyevu, na chenga hazidondoki kwenye mafuta. Anayeruka hatua hii atakuta nusu ya chenga zake chini ya karai, zinaungua na kuyapa mafuta uchungu.

Ganda la chenga linavumilia kwa sababu limeundwa na mkate uliokwisha kuiva na kukaushwa. Halikuanza kama majimaji, kwa hiyo kuna maji machache ya kuondoa, na katikati ya punje kuna vijia ambavyo mvuke unapita. Pete za namna hii zikichujwa vizuri hukaa nusu saa zikiwa na heshima yake. Zinanyonya mafuta zaidi ya rojo, na ladha ya mkate inasikika. Kuna watakaokwambia kitunguu kimefichwa. Siwapingi. Lakini nikiwa na wageni na sijui watafika saa ngapi, nachagua chenga bila kusita.

Zina faida nyingine mbili. Unaweza kuzigandisha zikiwa mbichi, zimepangwa bila kugusana, halafu ukazikaanga moja kwa moja kutoka kwenye friza. Na wenye zile mashine za kukaangia kwa hewa moto, au oveni, njia pekee kati ya hizi tatu inayowafaa ni hii. Rojo litachuruzika kwenye wavu kabla halijashika. Zinyunyizie mafuta kidogo pande zote kwanza, vinginevyo zitakauka zikiwa nyeupe na zitakuwa na ladha ya unga.

Kuna binti wa jirani aliwahi kuniuliza, "Mama, mbona za hotelini zinalingana zote, na hazilegei?" Baadhi ya pete za kugandishwa za viwandani si mkato wa kitunguu kabisa. Ni vitunguu vilivyokatwakatwa, vikachanganywa na vishikizo, vikabanwa upya kuwa duara, kisha vikapakwa chenga. Ndiyo maana hazina utando, hazina tabaka, na kila moja ni sawa na mwenzake. Nilimwambia asizifanye kipimo chake.

Unga mkavu na maziwa mgando

Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1933 tangazo la mafuta ya Crisco huko Marekani lilitoa pishi la pete za vitunguu zilizochovywa kwenye maziwa, kisha kwenye unga, kisha kukaangwa. Hapakuwa na yai wala hamira. Sisi tunaweza kuiboresha kwa kitu ambacho ukanda huu wa wafugaji haujakosa: maziwa mgando. Uzito wake unashika unga kuliko maziwa mabichi.

Kata pete nyembamba, zitenganishe zote, zitumbukize kwenye kikombe kimoja cha maziwa mgando yaliyolegezwa kwa maji kidogo, ziache nusu saa. Unga uwe gramu 150 za ngano na 50 za muhogo au mchele, chumvi, pilipili ya unga, na ukipenda binzari kidogo kwa rangi. Chota pete chache, zitikise ndani ya unga, zihamishie kwenye chekeche na uzitikise tena ili unga usioshika udondoke. Hiyo tikisa ya pili ndiyo siri yote. Kaanga dakika moja na nusu hadi mbili.

Unapata rundo la pete nyembamba, zimejikunja, kavu hadi ndani. Hazina kile kitunguu kinono cha katikati, kwa hiyo anayetaka kuuma na kukutana na utamu laini hatafurahi. Kinachofurahisha ni mkauko. Ziweke juu ya sato wa kukaanga dakika ya kupakua, au juu ya maharage, au pembeni ya nyama choma. Kwa kuwa maji yake mengi yameshatoka, zinastahimili kusubiri kuliko rojo, ingawa si kama chenga.

Na kama lengo lako ni kunyunyizia juu ya pilau au biriani, acha unga kabisa. Kata nyembamba mno, anza kwenye mafuta ya joto la wastani, koroga mara kwa mara, na uvitoe vikiwa vya dhahabu, kabla havijawa kahawia, kwa sababu vinaendelea kuiva vikiwa nje. Vikipoa kabisa hukauka, na kwenye chupa iliyofungwa vizuri hukaa siku kadhaa. Hizo si pete tena, ila ndizo zinazodumu kuliko zote, maana maji karibu yote yameondoka.

Unga wa muhogo unapoingia

Nimeutaja muhogo mara nyingi na nina sababu. Ukifuata mapishi ya mbali utaambiwa utafute wanga wa mahindi wa kopo. Hapa tuna muhogo wa Ukerewe na Sengerema, na unga wake umejaa wanga usio na gluteni. Ukichanganya theluthi moja ya muhogo na theluthi mbili za ngano, ganda linakuwa la kuvunjika, na linakawia kulegea. Ukizidisha muhogo hadi nusu, ganda linakuwa gumu, karibu kioo, na rangi yake inabaki kupauka.

Angalia tu unga wenyewe. Unga wa makopa, ya muhogo uliokaushwa juani bila kuvundikwa, ni mweupe na hauna harufu kali. Unga wa udaga umechachushwa. Ni mzuri sana kwa ugali, lakini harufu yake itatawala kitunguu. Ukiwa sokoni mwombe muuzaji unuse kabla hajapima. Nunua kwa mtu unayejua muhogo wake umeandaliwa na kukaushwa vizuri.

Unga wa mchele unafanya kazi karibu ileile. Ganda lake linakwaruza zaidi na linanyonya mafuta kidogo, na rangi inatoka nyeupe kiasi. Mchele wa Kahama au Magu uliovunjika unapatikana kwa bei nafuu na mashineni watakusagia. Kati ya huo na muhogo, kwa rojo nachagua muhogo, kwa unga mkavu nachagua mchele.

Unga wa dengu ni mzuri lakini utakupa bajia. Sembe inafaa kama nyongeza ndogo, kijiko kimoja au viwili, kwa anayependa chengachenga mdomoni.

Mafuta na moto

Joto linalotakiwa kwa njia zote tatu ni nyuzi 175 hadi 185. Asiye na kipimajoto atumbukize mpini wa mwiko wa mbao: viputo vidogo vikianza kuuzunguka mara moja, mafuta yapo tayari, vikiruka kwa fujo, yamezidi. Au dondosha tone la rojo. Likizama na kukaa chini, subiri. Likizama kidogo na kuibuka papo hapo, anza. Likiwa kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto.

Kuhusu aina ya mafuta, alizeti iliyosafishwa ndiyo ninayoishika mkononi kwanza: haina ladha ya kushindana na kitunguu, na haitoi moshi hadi ipite nyuzi 220. Ile inayokamuliwa kwenye mashine ndogo na kuuzwa kwenye madumu bila kusafishwa ni nzuri kwa mboga, lakini kwa kazi hii inatoa povu, inageuka rangi haraka na inaanza kufuka moshi mapema. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanavumilia moto kuliko yote na yanarudiwa bila kuharibika haraka, ndiyo maana wauza chipsi wanayapenda. Kasoro yake ni kwamba pete zikipoa, mafuta yanaganda kidogo na kuacha utando mdomoni. Kwa za kula moto, hakuna shida.

Mafuta ya pamba yana historia katika ukanda huu unaolima pamba, na yakisafishwa ni mafuta bora ya kukaangia, hayana harufu. Yasiyosafishwa usiyatumie. Mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gossypol, na usafishaji ndio unaoiondoa.

Mafuta yaliyokaanga samaki yabaki ya samaki. Nyumba nyingi za ziwani zina chupa yake pembeni ya jiko, ya sangara au dagaa, na ni busara kuitunza kwa kazi hiyo. Kitunguu kinachukua harufu upesi kuliko kiazi. Ukitaka kukaanga vyote siku moja kwa mafuta mapya, anza na pete, malizia na samaki.

Gesi inakupa uwezo wa kurekebisha moto kila baada ya awamu, na kwa rojo hilo ni muhimu, kwa kuwa joto hushuka kila unapotumbukiza. Mkaa unatoa joto kubwa na la kudumu, lakini huwezi kulipunguza haraka. Ukitumia mkaa chagua chenga, zinavumilia kupanda na kushuka, na uwe na mawe matatu ya kuinulia karai moto ukizidi. Mafuta yasipite nusu ya karai. Yakishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko, maji usiyaguse.

Kuchuja na kubeba

Watu wengi hutandika karatasi kwenye sinia na kurundika pete juu yake. Upande wa chini unalowa ndani ya dakika mbili, kwa sababu mvuke umenaswa. Magazeti ndiyo mabaya zaidi, maana wino nao unahama. Tumia wavu, au chekeche kubwa iliyowekwa juu ya sinia, hewa ipite chini. Chumvi nyunyiza hapo hapo, pete zikiwa bado zinang'aa mafuta, ndipo inaposhika.

Hotpoti isitumike. Chombo kinachotunza ugali kwa saa nzima kitaziua pete kwa dakika tano, kwa sababu kinatunza mvuke pamoja na joto. Kama ni za kubeba, kwa mfano za kula ukivuka ziwa kwenda Kamanga, chukua za chenga, ziache zipoe karibu kabisa kwenye wavu, kisha ziweke kwenye boksi la karatasi lisilofungwa juu. Msimu wa mvua, hewa ikiwa nzito, hata hizo hupungua ukali mapema. Kikaango kikavu kwenye moto mdogo kwa dakika mbili tatu kinazirudisha vizuri.

Mafuta yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi na uyafunike mbali na mwanga. Yaliyokaanga rojo hurudiwa mara nyingi zaidi ya yaliyokaanga chenga au unga mkavu, kwa kuwa vipande vinavyobaki chini ndivyo vinavyoyaharibu. Yakianza kunata, kutoa povu lisilotulia au kufuka moshi mapema, yamekwisha. Na rojo likibaki bakulini, katia humo vile viini vidogo vya kitunguu ambavyo havikutosha kuwa pete, ongeza pilipili mbichi na majani ya kotimiri, chota kwa kijiko na ukaange kabla mafuta hayajapoa.